Programu kwenye simu yako: zimetoka wapi, zimeruhusiwa nini, na zinaondokaje

Kizota, magharibi ya katikati ya jiji la Dodoma, wengi wanaifahamu kwa maghala. Hapo ndipo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, anapohifadhi nafaka za kanda hii. Mkulima anayefikisha mahindi ghalani hashushi gunia na kuondoka zake. Mahindi yanapimwa unyevu, ambao usizidi asilimia 13.5. Yanaangaliwa kama yana uchafu au wadudu, yanawekwa kwenye mizani, na mwisho yanaandikwa: ni ya nani, yametoka wapi, yamewekwa wapi. Gunia moja bovu likipita mlangoni bila kukaguliwa, wadudu hawatabaki ndani ya gunia hilo peke yake.

Simu ya kupangusa uliyonayo mfukoni ina ghala la namna hiyo na mtunza ghala wake. Kila programu unayoiweka, iwe ya kutuma ujumbe, ya benki, ya kusikiliza redio au ya mchezo wa watoto, inapokelewa naye, anaikagua, anaiandika kwenye daftari lake na kuipa sehemu yake ya kukaa. Tofauti ni kwamba mtunza ghala huyu anakuuliza wewe maswali, na wengi wetu tunabonyeza "Ruhusu" bila kusoma.

Jambo hili linagusa fedha na heshima ya watu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania, BoT, ambayo makao yake makuu yapo hapa hapa Dodoma, ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo kwa njia ya simu bila leseni, na ikawatahadharisha wananchi wasizitumie. Nyuma ya tangazo hilo kulikuwa na malalamiko ambayo karibu kila kijiji kimeyasikia: mtu amekopa fedha kidogo kupitia simu, amechelewa siku mbili tatu, na ghafla mama mkwe, mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kitongoji wanapokea ujumbe kwamba fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Namba zao zilipatikanaje? Mkopaji mwenyewe alizitoa siku ile alipoiweka programu, na hakujua.

Makala haya yanaeleza namna simu inavyosimamia programu zilizomo ndani yake, na mahali ambapo wewe mwenye simu una neno la kusema.

Kwanza, tuelewane juu ya neno moja. Wataalamu wa kompyuta wanaita programu iliyofungwa pamoja tayari kuwekwa kwenye mashine "kifurushi". Kwetu Tanzania kifurushi ni bando, yaani dakika na MB unazonunua. Ili tusichanganyane, humu tutasema "programu" kwa kile unachokiweka kwenye simu na "bando" kwa kile unachokinunua.

Ndani ya simu kuna Linux

Simu nyingi za kupangusa zinazouzwa madukani kwetu zinatumia Android. Chini kabisa ya Android, mahali ambapo jicho halifiki, kuna Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Ufini. Linux nayo ilifuata mawazo ya Unix, mfumo ulioanza kubuniwa Marekani mwaka 1969 na uliowezesha watu wengi kutumia kompyuta moja. Simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008. Hata Smart Kitochi, ile simu ya vitufe yenye intaneti iliyoingia sokoni Tanzania mwaka 2019, inatumia mfumo wa KaiOS ambao nao umejengwa juu ya Linux.

Tunalieleza hili kwa sababu ulinzi wa simu yako unatokana na wazo lile la zamani la watu wengi kutumia mashine moja. Fikiria nyumba ya kupanga. Kila mpangaji ana chumba chake na kufuli lake, na mwenye nyumba ana funguo zote. Katika Unix kila mtumiaji alipewa namba yake, na faili za namba moja hazikufunguliwa na namba nyingine bila ruhusa. Android ililichukua wazo hilo ikaligeuza kidogo: wapangaji ni programu badala ya watu. Kila programu unayoiweka inapewa namba yake ya mpangaji, kuanzia 10000 kwenda juu, na chumba chake. Programu ya tochi haiwezi kuingia chumba cha programu ya benki na kusoma kilichomo.

Lakini nyumba ya kupanga ina ua. Orodha ya majina na namba za watu wako, ujumbe mfupi, kamera, kipaza sauti na mahali ulipo ni vitu vya uani. Mpangaji akivitaka lazima aombe, na wa kuombwa ni wewe.

Kwenye kompyuta za mezani zenye Linux mambo ni yale yale, ila daftari la mtunza ghala liko wazi zaidi. Toleo linaloitwa Debian, lililoanza mwaka 1993, na Ubuntu iliyozaliwa kutokana nalo mwaka 2004, yana mtunza ghala anayeitwa apt. Ukiandika apt list --installed anakusomea kila kilichomo. Ukiandika apt remove na jina la programu, anaiondoa lakini anaacha mipangilio yake. Ukitumia apt purge anaondoa na mipangilio ya mfumo pia, na apt autoremove inafagia vile vilivyoletwa kumsaidia mpangaji ambaye ameshahama. Watanzania si wageni wa ulimwengu huu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki mradi wa KiLinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu za kuandika barua na kupiga hesabu kwa Kiswahili, zikiwa bure.

Programu inaingilia mlango gani?

Kuna mlango wa mbele na mlango wa uani.

Mlango wa mbele ni duka la programu lililokuja na simu, kwa wengi Play Store. Programu inayopita hapo imekaguliwa, ingawa ukaguzi haujawahi kuwa kamili, na ina muhuri wa aliyeitengeneza. Muhuri huo ni wa kihesabu, na mtu mwingine hawezi kuuchonga. Programu ikija na toleo jipya, simu inalinganisha muhuri mpya na ule wa zamani. Visipolingana, toleo jipya linakataliwa.

Mlango wa uani ni faili lenye jina linaloishia na .apk. Linafika kupitia kiungo cha WhatsApp, kwenye memori kadi ya rafiki, au kwa kurushiana kwa Bluetooth na Xender. Tunajua kwa nini watu wanalitumia. Bando ni ghali, mtandao vijijini unakatika, na programu ya MB 60 ikishapakuliwa na mmoja inazunguka kijiji kizima bila gharama. Sababu hiyo ni ya haki kabisa. Tatizo ni kwamba faili lililopita mikono kumi linaweza kufunguliwa njiani, likatiwa kitu kingine na kufungwa upya kwa muhuri mwingine.

Mfano unaojulikana ni WhatsApp za kubuni, zile zinazojipamba kwa majina kama GBWhatsApp na kuahidi rangi mpya au uwezo wa kusoma ujumbe uliofutwa. Mwaka 2021 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kwamba toleo moja la FMWhatsApp lilikuwa limebeba programu hasidi iitwayo Triada, na mwaka 2022 ikakuta Triada pia kwenye YoWhatsApp. Programu hasidi ya aina hii inaweza kumuunganisha mwenye simu na huduma za kulipia bila yeye kujua. WhatsApp wenyewe huzifungia kwa muda akaunti zinazotumia matoleo hayo.

Kama rafiki anakutumia faili na simu inakwambia programu haikuwekwa kwa sababu inagongana na iliyopo, usiiondoe ya zamani ili kuipisha mpya. Mara nyingi maana yake ni kwamba mihuri haifanani. Mtunza ghala amefanya kazi yake, mwache.

Kwa wanaotaka kuokoa bando, kwenye simu nyingi Play Store yenyewe ina sehemu ya kurushiana programu. Fungua Play Store, bonyeza picha yako juu kulia, ingia kwenye usimamizi wa programu na kifaa, utaona pa kutuma na kupokea. Simu mbili zikikaa karibu, programu inahama bila kula MB zake zote tena, na muhuri wake unakaguliwa inapofika. Njia hiyo tunaipendekeza kuliko faili la mkononi.

Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa ya kuweka programu kutoka nje ya duka hutolewa kwa kila mlango peke yake. Ukiwahi kuiruhusu WhatsApp au kivinjari kuweka programu, ruhusa hiyo inabaki hadi uifute. Nenda kwenye Mipangilio, tafuta maneno yanayohusu programu zisizojulikana, uone ni nani bado ameshika ufunguo.

Ruhusa, na zile programu za mikopo

Zamani simu ilikuonyesha orodha ndefu ya ruhusa mara moja, ukubali zote au uache programu. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, kila ruhusa kubwa inaombwa peke yake, na unaweza kukataa moja na kukubali nyingine. Unaweza pia kubadili mawazo baadaye.

Kwenye simu zilizowekwa Kiswahili, ruhusa ya kusoma namba za watu wako mara nyingi imeandikwa "Anwani". Mtu anaiona na kudhani wanataka kujua anakaa wapi, jambo ambalo mkopeshaji yeyote angeuliza. Kumbe "Anwani" hapo ni kitabu chako chote cha simu: wazazi, wateja wako wa zabibu au alizeti, padri au imamu, na mtu uliyempatia namba siku moja tu mnadani. Ukibonyeza "Ruhusu", kazi ya kunakili majina hayo na kuyapeleka kwenye kompyuta za wenye programu inachukua sekunde chache.

Hapo ndipo ugonjwa wa mikopo ya "kausha damu" ya mtandaoni ulipoanzia. Fedha inayotolewa mara nyingi ni ndogo na muda ni mfupi. Dhamana ya mkopeshaji ni aibu yako: anajua namba za watu ambao hutaki wajue una deni.

Google walibadili masharti yao, na tangu tarehe 31 Mei 2023 programu za mikopo binafsi zilizoko Play Store haziruhusiwi kusoma orodha ya namba za watu wala picha za mkopaji. Sharti hili linakupa kipimo chepesi. Programu ya mkopo inayoomba "Anwani" au picha zako ama inavunja masharti ya duka, ama haikutoka dukani, imekuja kwa kiungo. Kwa vyovyote vile, ikatalie na uiondoe. Kabla ya kukopa, angalia kwenye tovuti ya Benki Kuu kama mkopeshaji ana leseni, na ukumbuke kwamba anayekutaka utume "ada ya usajili" kwanza ili mkopo utoke hana mkopo wa kukupa.

Ruhusa nyingine ya kuiogopa ni ya SMS. Benki na kampuni za simu hutuma namba za siri za mara moja kwa ujumbe mfupi. Programu ya kuhariri picha au mchezo wa mpira haina sababu ya kuzisoma.

Kukagua ni kazi ya dakika kumi. Ingia Mipangilio, kisha Programu, kisha sehemu ya Ruhusa. Badala ya kufungua programu moja moja, chagua ruhusa, kwa mfano SMS, na simu itakuorodheshea wote walioipata. Jiulize kila mmoja anaihitaji kwa kazi gani. Usipopata jibu, ifute. Programu ikiihitaji kweli itakuomba tena. Simu za Android 11 na kuendelea hufuta zenyewe ruhusa za programu ambazo hujazigusa kwa miezi kadhaa, lakini programu ya mkopo inayofunguliwa kila wiki haitaguswa na utaratibu huo.

Tusisahau kwamba huduma nyingi hazihitaji programu yoyote. Menyu ya *150*00# ya M-Pesa, na *152*00# ya huduma za serikali, zinafanya kazi kwenye kitochi na hazisomi kitabu chako cha simu. Kwa mwenye simu yenye nafasi ndogo, menyu hizo zinatosha.

Kuiondoa, na kinachobaki nyuma

Watu wengi hufuta alama ya programu kwenye uso wa simu wakadhani wameiondoa. Kwenye simu nyingi umeondoa kibao cha mlangoni tu, mpangaji bado yuko chumbani. Kuondoa kwa kweli ni kuingia Mipangilio, Programu, kuchagua jina lake, kisha Ondoa.

Kwenye ukurasa huo huo kuna vitufe vinavyochanganya watu. Kulazimisha programu isimame ni kumlaza mpangaji hadi utakapomwamsha. Kufuta akiba ni kufagia makaratasi, na hakuna kitu chako kitakachopotea. Kufuta data ni kutoa vyombo vyote nje: programu inarudi kama mpya, na kwa WhatsApp isiyo na nakala maana yake ni kupoteza mazungumzo yote. Anayekwambia "futa data simu itakuwa nyepesi" bila kukuuliza kama una nakala, usimkabidhi simu.

Zipo programu zinazokataa kuondoka, kitufe cha Ondoa kimezimika. Mara nyingi zimejipatia cheo cha msimamizi wa kifaa, au zimewashwa kwenye Ufikivu, sehemu iliyotengenezwa kuwasaidia wasioona vizuri lakini inayompa mwenye nia mbaya uwezo wa kusoma skrini na kubonyeza kwa niaba yako. Ondoa kwanza cheo hicho kwenye Mipangilio, halafu jaribu tena. Ikishindikana, washa simu kwa hali salama, ambapo programu ulizoongeza mwenyewe hazifanyi kazi. Kwa simu nyingi unabonyeza na kushikilia maneno ya kuzima simu yanapojitokeza, nayo inakuuliza kama unataka hali hiyo.

Zile zilizokuja na simu kutoka kiwandani haziondoki kwa njia hii. Unaweza kuzizima tu. Ndiyo maana habari ya mwaka 2020 iliwashtua wengi: watafiti waliripoti kwamba simu za bei nafuu zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikuwa na Triada ndani kabla hazijafika kwa mnunuzi, nayo ilikuwa ikileta programu nyingine, xHelper, iliyorudi hata baada ya kufutwa. Ukiona bando au salio linaisha bila sababu kwenye simu mpya, mlalamikie aliyekuuzia mapema, ukiwa bado na risiti.

Na kuna jambo ambalo hakuna kitufe kinacholiweza. Kuondoa programu ya mkopo hakufuti deni, na hakurudishi majina yaliyokwisha kunakiliwa. Aliyefikia hapo ana njia nyingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyozinduliwa Aprili 2024 inapokea malalamiko ya mtu ambaye taarifa zake zimetumiwa vibaya. Matusi na vitisho kwa ujumbe vinaweza kupelekwa polisi chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Piga picha ya skrini ya kila ujumbe, pamoja na namba na tarehe, kabla ya kuifuta programu, kwa sababu ushahidi mwingine unaondoka nayo. Waombe na ndugu waliopokea ujumbe wautunze. Ujumbe wa utapeli unatumwa bure kwenda 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na *106# inakuonyesha laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Masasisho, nafasi na simu ya mtumba

Masasisho yanaziba matundu ambayo watengenezaji wameyagundua. Play Store kwa kawaida husubiri Wi-Fi, na kijijini kusiko na Wi-Fi maana yake ni kusubiri milele. Huna haja ya kusasisha kila kitu. Ukiwa na bando, la usiku kwa mfano, anza na programu ya fedha, WhatsApp na kivinjari. Simu za zamani sana zinafika mwisho wake: tangu Oktoba 2023 WhatsApp haifanyi kazi kwenye Android iliyo chini ya 5.0. Faili la mkononi linaloahidi kuifufua hapo linatoka mlango wa uani.

Nafasi ikijaa, kabla ya kuondoa programu angalia picha na video za makundi ya WhatsApp. Mara nyingi ndizo zilizojaza ghala.

Ukinunua simu ya mtumba, usianze kuitumia na programu za mwenye zamani. Mwombe aondoe akaunti yake ya Google mbele yako, kisha irudisheni simu kwenye hali ya kiwandani mkiwa wote wawili. Akiondoka kabla ya kufanya hivyo, simu ikishafutwa itakudai barua pepe na nenosiri lake, na bila hayo haitafunguka.